Nakala kwa Mnunuzi wa Kwanza

Maishani mwangu nimeandika barua moja tu yenye kichwa kilichopigiwa mstari, na barua hiyo ndiyo iliyonipatia nyumba ninamoandikia haya. Fedha nilitoa, sikatai, na kwa fundi wa matairi hazikuwa ndogo. Lakini fedha peke yake zingebaki zimelala pale pale zilipokuwa zimelala. Barua ndiyo iliyoamka ikatembea.

Banda langu liko kando ya lami, Karatu mjini, mkono wa kushoto ukiwa unapanda kwenda lango la Ngorongoro. Kama umewahi kwenda kuona wanyama ukarudi salama, nishukuru, maana huenda roho yako iliwahi kupita mikononi mwangu. Nimeziba pancha nyingi kuliko nyumbu wote wa kreta, na kama huamini, kawahesabu nyumbu kwanza ndipo tuzungumze. Mke wangu ni fundi cherehani, mtu wa vipimo, na husema kila ninachosema kina kitambaa cha kukata na kutupa. Basi msomaji, nimekukabidhi mkasi mapema.

Kidato cha nne nilikimaliza nikiwa na mvi kidevuni. Tulisoma jioni, baada ya kazi, katika darasa la kuazima la shule ya msingi, tumekalia madawati ya watoto, magoti yakigusa masikio. Mbele yangu alikaa mama muuza nyanya, nyuma yangu mlinzi wa hoteli aliyekuja darasani na rungu lake. Hesabu zilinitoa jasho na historia ilinipa usingizi, lakini kwenye uandishi wa barua za kikazi nilikuwa moto. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu mkavu asiyecheka hata kwa bahati mbaya, alitupanga kama askari: anwani yako juu kulia, anwani ya unayemwandikia kushoto, tarehe, YAH kwa herufi kubwa na mstari chini yake, mwili wa barua, sahihi, na mwisho kabisa nakala kwa wote wanaohusika.

"Wote," alisema akigonga ubao. "Barua ya kirafiki ina siri. Barua ya kikazi haimfichi mtu."

Niliiandika sentensi hiyo daftarini nikaizungushia mduara. Sikujua kama siku moja ingenifanya nichekwe kuanzia Rhotia mpaka Mto wa Mbu.

Nyumba yenyewe iko Rhotia, juu kidogo ya barabara ya kanisani. Ni ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne mbele na viwili nyuma, imezungukwa na ua wa minyaa uliokwenda hewani mpaka ndege wanauogopa. Aliijenga nesi wa zahanati, enzi hizo akiwa bado kazini, na kila mtu anamwita Mama Nesi, hata wazee waliomzidi umri. Nami nilikuwa kijana wa kufyatua matofali. Matofali ya nyumba ile niliyafyatua yote. Haya, tulikuwa wanne. Lakini wale wengine watatu walikuwa na tabia ya kupumzika.

Ninayo alama yangu pale. Siku moja nilibonyeza kidole gumba kwenye tofali bichi ili nione kama limekauka vya kutosha kuingia tanuri. Halikuwa limekauka. Mkubwa wetu wa kazi akafoka, likachomwa hivyo hivyo, na fundi mwashi akaliweka karibu na dirisha la jikoni, upande wa nje. Nilipooa na kutafuta pa kupanga, sikuhangaika. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Nesi kuomba vile vyumba viwili vya nyuma. Tumekaa hapo miaka tisa. Kila asubuhi nikipiga mswaki, kidole changu cha ujana kinanitazama kutoka ukutani.

Sasa wakati huo wote mimi na mke wangu tulikuwa tukiweka akiba ya kununua kiwanja kule Ganako. Tuliweka kimya kimya. Watu wa kwetu wakijua una akiba, wote wanaugua siku moja. Hata Mama Nesi hatukumwambia, na hilo ndilo lilikuwa kosa letu la kwanza.

Asubuhi moja yenye ukungu wa kukata kwa kisu, Mama Nesi alituita barazani kwake. Alikuwa amejifunga mablanketi mawili, magoti yamemvimba.

"Wanangu," alisema, "baridi ya hapa imenishinda. Nakwenda kukaa na binti yangu Babati. Nyumba nimeshaipatia mtu."

Mke wangu akauliza polepole, "Umeshaipatia, au unataka kuipatia, Mama?"

"Nimeshaipatia. Tumeandikiana wiki iliyopita. Amelipa malipo ya awali, zilizobaki atamalizia mwisho wa mwezi wa nane, majirani wa mipaka wakishasaini."

Mnunuzi alikuwa bwana mmoja wa Arusha mwenye magari ya watalii. Madereva wake wote walikuwa wateja wangu, na walimwita Bosi tu, kama vile hajawahi kupewa jina na wazazi. Alitaka kuigeuza nyumba kuwa mahali pa kulaza wageni, na vyumba vya nyuma vingekuwa stoo.

Nilimwambia Mama Nesi kwamba na sisi tungeweza kununua. Akanitazama kama mgonjwa aliyekuja kliniki siku moja baada ya dawa kwisha.

"Mbona hukusema, mwanangu? Miaka tisa! Mimi nilijua huna."

Nilitoka nje nikasimama mbele ya lile tofali.

Habari kama hizo hazikai Rhotia bila kupanda boda. Mchana huo huo dalali aliyeunganisha mauzo yale alinifuata bandani. Dalali huyu ana miwani ya jua ambayo haivui hata kwenye ukungu.

"Fundi, mbona unalia na dawa ipo? Mpandie. Ongeza kidogo tu juu ya bei ya Bosi, mama atarudisha malipo ya watu, biashara imekwisha."

"Na karatasi waliyosaini?"

"Karatasi ni karatasi, kaka. Hata maandazi yanafungiwa humo."

Nitasema kweli, usiku ule nililala na maneno yake. Asubuhi nikamwambia mke wangu. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, na hakuinua hata macho.

"Yule mama amezalisha nusu ya Rhotia," akasema. "Mwanao wa mwisho alimpokea kwa mikono yake, mvua inanyesha, taa imezimika. Leo unataka umfanye mwongo uzeeni?"

"Sitaki. Lakini nyumba naitaka."

"Basi itake kwa adabu."

Maneno hayo yalinipa kazi. Nilikwenda bandani nikaanza kubandua tairi la gari la watalii, na nikiwa katikati ya kubandua nikatazama mlango wa nyuma wa gari lile. Matairi mawili ya akiba yamefungwa pale, mapya, hayana kazi wala malalamiko. Karatu nzima inaishi kwa utaratibu huo. Hakuna dereva mwenye akili anayeshuka kreta bila tairi la akiba, na hakuna tairi la akiba linaloliombea la mbele lipasuke. Linakaa tu mahali pake, limejaa upepo.

Niliacha spana hapo hapo, nikapanda boda mpaka Rhotia.

"Mama," nikamwambia, "siombi umtoe Bosi. Amekuwahi. Naomba niandikwe wa pili. Akimaliza, nitafungasha vitu vyangu na nitamsaidia kuingiza vitanda vyake. Asipomaliza, usitangaze tena. Niite mimi. Mimi ni tairi la akiba."

Mama Nesi alicheka mpaka blanketi moja likaanguka. Kisha akakumbuka unesi wake, maana mtu aliyejaza kadi za kliniki miaka yote ile haamini kitu kisichoandikwa.

"Lete kwa maandishi," akasema.

Kwa maandishi! Mama alikuwa hajui amemwambia nani. Nilikaa mezani na daftari siku tatu. Waliotunga katiba hawakuhangaika kama mimi. Mke wangu alinisikiliza kila nilipomaliza kusoma, akapunguza kama anavyopunguza gauni: hapa pana, hapa refu, hapa pamejaa sifa zako. Mwisho ukabaki ukurasa mmoja na nusu. Kichwa kilisema: YAH: OMBI LA KUWA MNUNUZI WA PILI WA NYUMBA AMBAYO TAYARI INA MNUNUZI WA KWANZA.

Aya ya kwanza ilieleza mimi ni nani na nimeishi wapi. Aya ya pili ndiyo ninayoipenda, na naijua kwa moyo: "Napenda kutamka kwamba simtakii mnunuzi wa kwanza mabaya ya aina yoyote, wala sitafanya jambo lolote la kumkwamisha. Ombi hili litaanza kufanya kazi siku atakapojitoa yeye mwenyewe." Aya ya tatu ilisema nitalipa bei ile ile ambayo Mama amekubaliana na mwenzangu, sitapunguza kwa kuwa Mama amekwama wala sitaongeza ili kumsukuma mtu, na kwamba fedha zitafika ndani ya siku saba. Aya ya nne ilisema njia ya bombani itabaki wazi kwa majirani kama ilivyo.

Hiyo njia ya bombani niielezee. Kiwanja cha Mama Nesi kinapitiwa na kijia kinachotoka kwa majirani wa juu, kinapita chini ya mparachichi, kinatokea kwenye bomba la maji la kitongoji. Haikuandikwa popote. Ipo kwa sababu watu wamepita, na Mama Nesi hakuwahi kumwambia mtu asipite.

Kisha zikaja nakala: mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, dalali. Hapo kalamu ikasimama. Nikamsikia mwalimu wangu akigonga ubao. Wote wanaohusika. Nani anahusika na nyumba hii kuliko aliyeilipia malipo ya awali? Nikaandika: Mnunuzi wa kwanza.

Binti wa stesheneri aliyenichapia aliposhuka mpaka mstari huo alitoa mikono kwenye kompyuta.

"Baba, huyu wa mwisho umemaanisha?"

"Barua ya kikazi haimfichi mtu."

"Sawa, Baba," akasema, kwa sauti ya mtu anayemfungulia mgeni mlango wa gari linaloshuka mlima bila breki.

Nakala ya Bosi nilimkabidhi dereva wake mmoja aliyekuja kujaza upepo. Kabla ya jua kuzama Rhotia yote ilikuwa inajua. Vijana wa boda walinipokea kijiweni kwa vigelegele.

"Mzee umechumbia mchumba wa mtu, halafu ukampelekea mwenyewe kadi ya mwaliko!"

"Namba Mbili! Namba Mbili huyo anapita!"

Jina likanata. Hata padri, baada ya misa, aliniuliza kama Namba Mbili hajambo. Mke wangu peke yake hakucheka, kwa sababu alikuwa ameshacheka peke yake chumbani mpaka akapaliwa.

Siku ya nne gari jeupe lilisimama mbele ya banda langu, akashuka Bosi mwenyewe. Ni mtu mkubwa, shati limepigwa pasi hadi linaweza kusimama lenyewe. Nakala yangu ilikuwa mkononi mwake.

"Wewe ndiye mwenye barua?"

"Ndiye, Bosi. Shikamoo. Karibu ukae." Nikampangusia tairi la trekta, ndiyo sofa ya banda langu.

Hakukaa. "Yaani unangoja nishindwe?"

"Hapana, Bosi. Aya ya pili, hapo katikati."

Akaisoma aya ya pili amesimama, midomo ikicheza. Akairudia.

"Sijawahi kuona upuuzi kama huu. Umenitumia mimi ili iweje?"

"Ili usije ukaisikia kwa mtu mwingine."

"Sikiliza, fundi. Mimi nikianza kitu huwa namaliza."

"Naamini, Bosi. Na magari yako yote huwa yanafika. Lakini bado yanabeba matairi mawili ya akiba kila siku, na sijaona dereva wako hata mmoja aliyeyakasirikia."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alirudi garini, akaichomeka nakala yangu kwenye kile kizuia jua cha juu ya usukani, akaondoka. Kuanzia siku hiyo hakuna gari lake hata moja lililosimama kwangu. Nililiona kila moja likipita, vumbi likiniachia salamu. Madereva walinipungia mkono kwa siri, chini ya dirisha. Wiki sita nzima. Jina la Namba Mbili sikulionea uchungu, lakini hilo la magari liliniuma, nakiri, na jioni moja nilimwambia mke wangu kwamba labda nakala ile ilikuwa ya kizembe.

"Ilikuwa ya kizembe," akasema. "Lakini ilikuwa ya kweli. Kula makande yako."

Mwezi wa nane ukaingia, maharage yamevunwa, na siku ya kutembea mipaka ikapangwa. Kwetu nyumba haiuzwi mezani. Mwenyekiti anakuja, majirani wanakuja, muuzaji na mnunuzi wanakuja, wote wanatembea kandokando ya ua mguu kwa mguu, na kila jirani anasema mbele ya watu, "Hapa ni kwangu, hapo ni kwake." Ndipo anasaini. Jirani asiposaini, hakuna mauzo, na mkataba wa Bosi ulisema hivyo hivyo: malipo yake ya awali yatarudishwa.

Mimi niliitwa kama mpangaji, nionyeshe pale ambapo minyaa ilikuwa imeng'oka. Tulitembea vizuri pande tatu. Tulipofika chini ya mparachichi Bosi alisimama.

"Hapa ukuta utapita moja kwa moja," akasema. "Wageni wangu hawawezi kuamka wakute ndoo na mbuzi mlangoni. Hii njia itafungwa."

Jirani wa mpaka wa juu ni mama mfupi mwenye sauti ya king'ora. Kalamu ya kusainia alikuwa ameshaichomeka kwenye kilemba tangu asubuhi, kwa hamu ya kusaini.

"Itafungwa?" akauliza. "Na mimi na maji yangu tutapita wapi? Juu ya paa?"

"Kuna barabara ya kuzunguka, mama."

"Ya kuzunguka kanisa zima? Na ndoo kichwani? Bosi, wewe umewahi kubeba ndoo?"

Watu wakaguna. Mwenyekiti akamsogezea mama yule fomu, ili angalau asaini mpaka, mambo ya njia yazungumzwe baadaye.

"Sina kalamu," akasema mama.

"Mama, kalamu iko kichwani kwako."

"Hiyo ni ya nywele."

Kisha akanigeukia mbele ya wote. "Namba Mbili, wewe unaishi hapa. Sema."

Mama Nesi alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, ameshika fimbo kwa mikono miwili, ananitazama. Bosi ananitazama. Mke wangu, aliyekuwa nyuma yangu, nilimsikia akishusha pumzi. Nilijua kabisa kwamba neno moja tu la kumchochea yule mama lingetosha. Nisingehitaji hata sentensi. Ningetikisa kichwa tu. Lakini nilikuwa nimeshaandika kwamba sitafanya jambo lolote la kumkwamisha, na nakala zilikuwa mikononi mwa kijiji kizima, na moja mikononi mwa Bosi mwenyewe niliyekuwa namwona hapo. Huo ndio ubaya wa nakala. Huwezi kujifanya umesahau.

"Bosi," nikasema, "ukuta ukiurudisha ndani hatua tatu tu, hapa chini ya mparachichi, njia inabaki nje na wageni wako wanabaki ndani. Nimepima kwa miguu. Mti wenyewe hutaukata."

Mke wangu alinifinya mgongoni, finyo la fundi cherehani, lenye kucha. Mwenyekiti akasema wazo zuri. Mama wa mpaka wa juu akapeleka mkono kwenye kilemba, akaigusa kalamu. Naapa moyo wangu ulisikika mpaka Enguserosambu. Nyumba yangu ilikuwa imening'inia kwenye kilemba cha jirani, na aliyeitundika pale ni mimi.

Bosi aliutazama mparachichi. Alitazama kile kijia, na kwa bahati wakati huo wakapita wanawake wawili wenye ndoo na mbuzi mmoja asiye na mwenyewe, wakatusalimia wote kwa zamu, kwa kirefu, kama tunavyosalimiana.

"Hapana," akasema. "Bado ni karibu mno. Mimi nauza utulivu. Njia ifungwe, au basi."

Mama wa mpaka wa juu akaiacha kalamu kichwani. Mkutano ukavunjika.

Usifikiri nilisherehekea. Nilipofika ndani nilimkuta Mama Nesi analia. Malipo ya awali ya Bosi alikuwa ameshayatumia kuongeza chumba kwa binti yake kule Babati, chumba chenye sakafu isiyo na ngazi kwa ajili ya magoti yake. Hakuwa na cha kurudisha mpaka apatikane mnunuzi mwingine. Na Bosi alikuwa ameondoka bila kusema kama anajitoa.

"Nitakufa na kesi," akasema. "Mimi niliyekuwa sidaiwi hata chumvi."

"Mama, mimi nipo."

"Wewe upo, mwanangu, lakini yeye hajajitoa. Umeandika mwenyewe: mpaka ajitoe. Na mimi nimeshampa neno langu."

Hapo nikaona aya yangu ya pili imenifungia mlango kwa ufunguo wangu mwenyewe. Siku mbili hizo sikuziba pancha hata moja vizuri. Moja niliitia kiraka upande usio na tundu.

Siku ya tatu gari jeupe likasimama bandani. Bosi akashuka, na safari hii akakaa mwenyewe kwenye tairi la trekta bila kukaribishwa, shati na yote.

"Nilikuwa njiani kurudi Arusha kumwona wakili," akasema. "Nimekasirika. Nilitaka yule mama anilipe mpaka senti ya mwisho, na usumbufu juu. Nimefika mteremko wa Manyara jua linanipiga machoni, nashusha kizuia jua, karatasi ikaniangukia mapajani."

Akaitoa mfukoni. Nakala yangu, imekunjamana, ina alama ya kikombe cha chai.

"Nikaegesha pembeni nikaisoma yote. Mara ya kwanza nilisoma aya moja tu. Hizi siku saba ni za kweli?"

"Za kweli, Bosi. Labda tano."

"Na bei ile ile?"

"Ile ile."

"Kwa hiyo ukimlipa mama, mama ananirudishia changu, mimi naenda kutafuta pasipo na mbuzi, na hakuna anayemshtaki mtu." Akatikisa kichwa. "Fundi, siku ile kwenye mparachichi ungeweza kunimaliza."

"Ningeweza."

"Kwa nini hukunimaliza?"

"Ulikuwa na nakala."

Hapo ndipo alipocheka. Alicheka kama trekta linalowashwa kwa baridi, kwa vishindo, mpaka wenye maduka ya jirani wakatoka kuona. Kisha akaomba kalamu, akaigeuza nakala yangu, akaandika nyuma yake kwamba yeye, mnunuzi wa kwanza, anajitoa kwa hiari yake na hana ugomvi na mtu. Akasaini. Nikamwambia nashukuru, ila ingefaa tutoe nakala nne.

"Wewe mtu!" akasema, lakini alinifuata mpaka stesheneri, na yule binti alipotuona tumeingia pamoja alikosa pa kuweka mikono.

Fedha zilifika siku ya tano. Akiba ya Ganako ilitoka yote, na ng'ombe wawili wa mke wangu waliokuwa kwa kaka yake Mbulu wakauzwa, jambo ambalo nakumbushwa kila tukinywa chai ya rangi. Tukatembea mipaka upya. Tulipofika kwa mama wa mpaka wa juu, kalamu ilitoka kichwani kabla mwenyekiti hajafungua mdomo.

Baada ya sahihi tulikaa chini ya mparachichi tukala makande, na Mama Nesi akanitaka niisome barua mbele ya watu wote. Nikasimama. Nimeshika spana miaka mingi, lakini karatasi ile ilikuwa nzito kuliko jeki. Niliisoma kuanzia anwani mpaka nakala, sikuruka hata tarehe. Nilipofika aya ya pili Mama Nesi alikuwa anaitikia kwa kichwa, neno kwa neno, na nikaelewa kwamba na yeye ameijua kwa moyo.

"Nilitaka kuondoka hapa na neno langu likiwa zima," akasema. "Limekuwa zima."

Mama wa mpaka wa juu akainua kijiko. "Mbona mimi sikupata nakala? Mimi sihusiki?"

Kijiji kizima kikaniangukia kwa kicheko, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na cha kuongeza. Kesho yake nikampelekea nakala yake. Ameitundika jikoni, karibu na kalenda ya kanisa.

Siku Mama Nesi alipoondoka kwenda Babati nilimbeba mpaka garini, mablanketi na yote. Kisha nikazunguka upande wa dirisha la jikoni nikajaribu kidole gumba kwenye tofali langu. Hakikuingia. Kazi ya matairi imekinenepesha.

Magari ya Bosi yamerudi bandani. Jina la Namba Mbili limebaki, na sasa nimelichora juu ya kompresa kwa rangi nyekundu. Njia ya bombani inapita hatua chache kutoka dirisha la chumba tunacholala, na kabla jogoo hajafikiria kuwika, ndoo zinagongana, mbuzi wanakohoa, na mama wa mpaka wa juu anapita akipaza ile sauti yake.

"Namba Mbili! Bado umelala?"

"Nimelala!" namjibu. "Nyumbani kwangu!"